Usiuache mkojo ulale kibofuni: kujikinga na mawe

Mzee anakojoa vizuri, ghafla mkojo unakatika. Akijigeuza au akilala kidogo, unaanza tena. Kuna maumivu chini ya kitovu, wakati mwingine hadi ncha ya uume, na mwishoni matone ya damu. Dalili hizi zisifichwe nyumbani kwa haya. Huenda kibofu kina jiwe, nalo huteremka na kuziba njia wakati mkojo unatoka.

Jiwe hujengwa na chumvi zilizomo ndani ya mkojo. Maji yakiwa mengi, chumvi hizo hubaki zimeyeyuka na kutoka nje. Mkojo ukiwa mzito, au sehemu yake ikibaki kibofuni baada ya haja, chumvi huganda tabaka juu ya tabaka, kama ukoko mweupe unaoshika chini ya birika. Ndiyo maana kwa mtu mzima jiwe la kibofu ni nadra kuja peke yake. Mara nyingi nyuma yake kuna kitu kinachozuia kibofu kumaliza mkojo wake. Ukitoa jiwe ukaacha chanzo, utarudi mezani kwa daktari.

Basi tufanye nini sisi wa Nguba, hapa Bukavu?

1. Kunywa maji kabla ya kiu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake hudanganya: mtu hushinda sokoni au juu ya pikipiki bila kuhisi kiu. Mtu mzima mwenye afya alenge lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, na zaidi akibeba mizigo juani. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi kwa maji yaliyochemshwa. Imalizike kabla ya saa kumi jioni, kisha uongeze nyumbani. Mkojo wenyewe utakuambia: ukiwa na rangi ya majani makavu yaliyopauka, uko sawa, ukifanana na chai kavu, kunywa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza daktari kiasi chake.

2. Usibane, na umalize. Akina mama wengi wanaouza sokoni hujinyima maji kwa sababu choo kiko mbali au ni kichafu. Tafuteni choo cha kuaminika, mshikiane zamu kwenye meza, kila mmoja aende baada ya saa tatu au nne. Mzee ambaye mkojo wake hautoki wote akojoe, atulie dakika moja, kisha ajaribu tena.

3. Baba wa miaka 50 na kuendelea, pima tezi dume. Tezi ikivimba hubana njia, mkojo unabaki, na hii ndiyo sababu kubwa ya mawe ya kibofu kwa wanaume wazima. Kuamka usiku mara kwa mara na mkojo dhaifu ni sababu tosha ya kwenda kupimwa.

4. Tibu maambukizi hadi mwisho. Baadhi ya bakteria hugeuza kemia ya mkojo na kufanya mawe yakue haraka. Maliza dawa ulizoandikiwa hata ukijisikia nafuu. Mwenye mpira wa mkojo, yaani sonda, aulize tarehe ya kuubadilisha na aiheshimu, kwa maana chumvi hujikusanya juu yake.

5. Mama mwenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo, usijinyime maji. Wengi hupunguza kunywa ili wasilowe. Mkojo unakuwa mzito, harufu inazidi, ngozi inaungua, na jiwe linaweza kujengeka. Kunywa, kisha utafute matibabu. Hapa mjini Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, inajulikana kwa kutibu fistula.

6. Mtoto asile bugali mtupu. Mawe ya kibofu huwapata pia watoto, hasa wavulana, wanaolishwa nafaka karibu peke yake na kuharisha mara kwa mara. Huko Norwich, Uingereza, watoto wengi walipasuliwa kwa ajili hiyo katika karne ya 18 na 19. Chakula kilipokuwa bora, ugonjwa ukafifia. Mwekee mwanao maharagwe, yai, maziwa au sambaza za ziwani pembeni ya bugali na sombe. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya. Mtoto anayelia akikojoa na kuvutavuta uume wake apelekwe kupimwa.

Na kama jiwe tayari lipo? Ekografi ya kibofu huonyesha mawe mengi, pamoja na mkojo uliobaki baada ya haja. Dogo huweza kutoka lenyewe. Kubwa huvunjwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo, au hutolewa kwa upasuaji. Usitumie miezi ukinywa mizizi ukingoja liyeyuke, maana wakati huo linakua na figo zinaumia.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukishindwa kabisa kukojoa huku tumbo limejaa, au ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya mkojo. Usingoje kupambazuke.

Leo jioni muulize baba yako, kwa heshima na faraghani, kama mkojo wake unatoka vizuri. Wazee wetu wengi hawatasema mpaka waulizwe.