Buibui Ukutani: Kijitabu kwa Mwenye Hofu na kwa Wanaoishi Naye

Kijitabu hiki ni cha mtu mzima mwenye akili timamu ambaye haingii bafuni usiku mpaka mwenzake atangulie na ufagio. Ni cha anayekung'uta shuka mara tatu kabla ya kulala, anayekwepa stoo mwaka mzima, aliyewahi kuhama chumba kwa sababu ya kiumbe wa sentimita mbili. Anajua kabisa kwamba hofu yake imepita kiasi. Kujua huko hakumsaidii, na kuambiwa "acha utoto" kunamwongezea aibu tu.

Hofu ya namna hii ni tatizo la afya linalotambulika. Huhesabiwa hivyo inapodumu miezi 6 au zaidi, inapozidi mno hatari iliyopo, na inapomfanya mtu apange maisha yake kwa kuikwepa. Asiyempenda buibui, akamfagia nje na kuendelea na shughuli zake, hana ugonjwa wowote.

Kesi zisizo zake

Tumtazame kwanza buibui mwenyewe, maana majumbani mwetu amebebeshwa kesi za wengine. Kubwa kuliko zote ni ya "kukojolewa na buibui". Mtu anaamka na mstari mwekundu shingoni au usoni, unawaka moto, na baada ya siku moja au mbili unatoa malengelenge. Mara nyingi aliyefanya hivyo ni mdudu mwembamba mwenye pingili nyeusi na nyekundu, anayefahamika kama nzi wa Nairobi ingawa ni wa jamii ya mbawakawa. Huwa wengi baada ya mvua kubwa na hufuata mwanga wa taa. Hang'ati. Sumu yake imo mwilini, nayo humwagika akipondwa juu ya ngozi. Akikutua mpulize aondoke, usimpige kofi, kisha osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Malengelenge yenye maumivu makali yaliyojipanga upande mmoja wa mwili huenda yakawa mkanda wa jeshi, na hayo yanahitaji kuonwa na daktari mapema. Buibui hana mkojo wa kumuunguza mtu.

Sumu anayo, hilo ni kweli. Karibu buibui wote wanayo, kwa ajili ya kulemaza windo lao. Lakini kati ya spishi zaidi ya 50,000 zilizokwisha kutambuliwa duniani, zinazoweza kumdhuru binadamu ni chache mno, na meno ya wengi hayawezi hata kupenya ngozi yetu. Yule bapa aliyejibandika ukutani usiku, yule wa miguu mirefu anayening'inia darini, na yule mdogo anayerukaruka dirishani, hao wote ni wapangaji wasio na madhara.

Wa kumtambua ni buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, ambaye vifuko vyake vya mayai ni vya mviringo na vimejaa vijimiba. Hupenda kujificha chini ya viti vya plastiki, ndani ya matairi ya zamani, na katika pembe za vyoo vya nje. Hung'ata anapobanwa, na kwa kawaida maumivu huishia palepale. Ana ndugu zake weusi ambao huleta madhara makali zaidi wanapong'ata. Ukiona maumivu yanasambaa, misuli inakaza au jasho linatoka bila sababu, nenda kituo cha afya, na kama aliyeng'atwa ni mtoto msisubiri. Mkiwa njiani mahali palipong'atwa paoshwe kwa sabuni na pawekwe kitambaa cha maji baridi. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba.

Kuna hata anayetufanyia kazi. Kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda, yupo buibui mrukaji wa milimita tano hivi, aitwaye kitaalamu Evarcha culicivora. Utafiti uliofanyika Mbita, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba chakula anachokipendelea kuliko vyote ni mbu jike aliyeshiba damu. Yeye hatung'ati sisi, damu yetu huipata kwa kumla mbu. Baadaye iligundulika kwamba huvutiwa na harufu ya soksi zilizovaliwa, pengine kwa sababu palipo na watu ndipo mbu walipo.

Waislamu wengi, wa pwani na bara, humwacha buibui kwa heshima ya kisa cha pango la Thaur, ambako utando mlangoni uliwafanya waliokuwa wakimsaka Mtume (S.A.W.) waamini hakuna aliyeingia. Ni heshima nzuri, lakini haitibu hofu. Wapo wasioweza kumuua buibui na wasioweza kulala naye chumba kimoja.

Hofu inavyojilisha

Wengi hawakumbuki siku hofu ilipowaanza. Huanza utotoni, mara nyingine baada ya tukio, mara nyingine kwa kumwona mama akipiga yowe na kuruka juu ya kitanda. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla hajaelewa maneno yake.

Inachoendelea kula ni kukimbia. Ukimwona buibui, moyo hupiga mbio, viganja hutoka jasho, pumzi hukatika. Ukitoka mbio, dalili hizo hutulia mara moja, na mwili huhitimisha kwamba umepona kwa sababu ulikimbia. Kesho yake utakimbia mapema zaidi. Hujawahi kupata nafasi ya kuona kwamba hata ungebaki pale, mapigo yangeshuka yenyewe. Wengi huogopa kuzimia. Katika hofu ya buibui hilo ni nadra, kwa kuwa shinikizo la damu hupanda, ilhali kuzimia huja likishuka ghafla, kama linavyowatokea wanaoogopa damu na sindano.

Kinachowatisha wengi zaidi ya umbo ni zile mbio za ghafla. Buibui hana misuli ya kunyoosha baadhi ya viungo vya miguu yake. Huinyoosha kwa msukumo wa majimaji ya mwilini. Ndiyo maana huchomoka ghafla, akachoka upesi na kusimama, na ndiyo maana akifa miguu hujikunja. Anapochomoka anatafuta kivuli. Kama kivuli hicho ni cha kandambili yako, ni bahati mbaya yenu wote wawili.

Kuikabili

Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, ndiye aliyeijengea njia ya kuisogelea hofu hatua kwa hatua misingi yake katika miaka ya 1950. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alionyesha mwaka 1989 kwamba kikao kimoja kisichozidi saa tatu, chini ya mtaalamu, kinaweza kuwatosha wengi. Nyumbani usifanye haraka kiasi hicho.

Andika mambo unayoyaogopa, ukianza na jepesi kabisa, na kila moja ulipe alama kuanzia 0 hadi 10. Kwa mmoja la kwanza litakuwa kumchora buibui kwa penseli; kwa mwingine, kutazama picha, kisha video kwenye simu. Baadaye buibui aliyekufa ndani ya kopo, kisha aliye hai chini ya bilauri upande wa pili wa chumba, kisha hatua moja karibu zaidi. La mwisho liwe lile linalokukwamisha maishani: kumfunika kwa bilauri, kupitisha karatasi ngumu chini yake, na kumtoa nje wewe mwenyewe.

Jambo moja ndilo linalobeba kazi yote: usiondoke hofu ikiwa kileleni. Ikifika 8, baki mpaka ishuke angalau hadi 4, hata ikichukua nusu saa. Usitazame pembeni, usimshike mwenzako mkono, usiwe na kopo la dawa ya kupuliza mfukoni, kwa sababu mwili utaipa dawa sifa zote. Rudia hatua ileile mpaka ikuchoshe, ndipo upande inayofuata. Siku mbaya zitakuwepo. Rudi hatua moja nyuma na uendelee. Buibui wa kufanyia mazoezi awe wa aina unayoifahamu kuwa haina madhara, kamwe asiwe wa chooni mwenye vifuko vya vijimiba.

Kwa wanaoishi naye: msimrushie buibui kwa utani, wa kweli wala wa plastiki. Mzaha wa dakika moja unaweza kumrudisha mwanzo kabisa. Mtoto asilazimishwe. Aone mtu mzima akimsogelea buibui kwa utulivu, naye asogee anapotaka. Wala msimfanyie kila kitu. Ukimwondolea mkeo kila buibui kabla hajamwona, unamlinda yeye, na unailinda hofu yake pia.

Mazoezi yakikushinda, au hofu ikikukosesha usingizi na kazi, muone mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili. Huduma hizo zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Mirembe na Mathari, na kituo cha karibu kinaweza kukupa rufaa. Dawa za kutuliza hupunguza wasiwasi kwa saa chache bila kuifundisha hofu chochote, na baadhi yake hujenga uraibu. Usizinunue bila kuandikiwa. Ukifika, usieleze buibui anafananaje. Eleza unachoshindwa kufanya: kuoga usiku, kulala peke yako, kwenda shambani, kukaa nyumba ya wakwe. Hapo ndipo mtaalamu atakapoanzia.