Mnyoo Ajengaye Mwamba

Katika pwani ya Ufaransa, upande wa kaskazini-magharibi, iko ghuba iitwayo Mont-Saint-Michel. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka huko kadiri ya mita 13, na yakipwa huacha uwanda mpana wa mchanga na matope. Katikati ya uwanda huo uko mwamba uitwao Sainte-Anne. Mgeni auonaye kwa mbali hudhani ni jiwe. Lakini akiinama na kuutazama vema, ataona matundu yasiyo na idadi, yamepangwa kama sega la asali. Mwamba huo umejengwa na minyoo, nao ni mkubwa kuliko yote ya namna yake katika Ulaya.

Mnyoo mwenyewe, ambaye wataalamu humwita Sabellaria alveolata, ana urefu wa sentimita 3 au 4 tu. Kando ya kinywa chake ziko nyuzi laini nyingi, nazo ndizo mikono yake. Maji yajaapo, mawimbi hutimua mchanga, naye huudaka, akauchagua chembe moja moja. Ile ifaayo huipaka gundi itokayo mwilini mwake, akaibandika ukingoni mwa mrija akaamo. Gundi hiyo hushika mumo humo majini, kazi ambayo ingemshinda seremala. Maji yakipwa, hujifungia ndani kwa kifuniko chake asikauke.

Watoto wake huelea baharini majuma kadhaa. Kisha wakigusa mirija ya wakubwa wao huitambua kwa ile gundi, hutua, na kuanza kujenga juu yake. Ndivyo mwamba ukuavyo.

Katika matope matupu viumbe wengi hawana pa kujificha. Mwambani wako kaa, konokono, kome na minyoo wa namna nyingine, kila mmoja na ufa wake. Na samaki huja hapo kutafuta chakula.

Lakini wako pia chaza wa asili ya Pasifiki, walioletwa ghubani kufugwa, wakaenea hata mwambani. Watu huwafuata kwa miguu, huwabandua, na kuvunja mirija pamoja nao. Ufa mdogo mnyoo aliye hai huuziba mwenyewe. Bali pande zima likivunjwa na kupinduliwa, waliomo hufa, na mirija mitupu haina fundi tena. Mawimbi huila kidogo kidogo hata ikarudi kuwa mchanga.