Mitandao Tofauti, Pesa Ileile: Tuma Bila Kupotea

Mkulima wa kakao wa Ipinda anatumia Airtel Money, mnunuzi wa mchele wa Kyela mjini ana M-Pesa, na muuza vyungu wa Matema ana HaloPesa. Wote wanaweza kulipana kupitia TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo unaoendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania na kuunganisha kampuni za simu na benki.

Kinachowachanganya watu ni menyu. TIPS huweka kanuni za pesa kuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, lakini menyu kila kampuni hujipangia. Ni kama barabara ya Uyole hadi Kasumulu: lori, basi na bodaboda havifanani, ila vyote hushika kushoto. Uhuru huo huziwezesha kampuni kubuni huduma za akiba na mikopo bila kungojana. Hasara humfika aliyekariri "bonyeza 1, kisha 2": akibadili laini, anapotea.

Yanayofanana
- 100: huduma kwa wateja
- \*102#: salio la vocha
- \*106#: kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako
- 15040: kupeleka SMS ya tapeli pamoja na namba yake

Yanayotofautiana
- M-Pesa: \*150\*00#
- Mixx by Yas: \*150\*01#
- Airtel Money: \*150\*60#
- HaloPesa: \*150\*88#

Unapotuma
1. Soma maneno ya menyu. Usibonyeze kwa mazoea.
2. Hakiki jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Jina lisipolingana, ghairi.
3. Angalia makato, maana kutuma mtandao mwingine huenda kukawa na bei yake.
4. Hifadhi SMS ya muamala. Ina kumbukumbu namba.
5. Ukikosea, piga 100 mara moja kwa laini uliyotumia kutuma.

Mpakani Kasumulu
TIPS ni mfumo wa ndani ya nchi. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ina mitandao yake. Kabla ya kutuma, uliza kama mtandao wako una huduma ya kutuma nje, na kwa makato gani.

Kwa wenye maduka
Omba msimbo wa TANQR, ambao Benki Kuu imeuweka uwe wa namna moja nchini. Bango moja linatosha kupokea malipo ya wateja wa mitandao na benki mbalimbali zilizojiunga.