Nilitaka utawa, nimeishia kwenye mizani

*Nina miaka 27, Mkatoliki, naishi Nalasi, Ruvuma. Tangu shule ya msingi nilitamani utawa, lakini baba alipofariki nilibaki kulea wadogo zangu. Msimu wa korosho ni karani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi, ukiisha, nalima. Padri huja kigangoni kwa nadra. Jirani zangu Waislamu huswali mara tano kwa siku, mimi niko na magunia. Naona maisha yangu hayana kazi ya Mungu. Nifanye nini?*
— Karani, Nalasi

Mwanangu, pole kwa kufiwa, na pole kwa malezi uliyobebeshwa mapema.

Swali lako limo katika Injili ya Luka, sura ya 3. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yeye aliishi nyikani. Angeweza kuwaambia waache kazi wamfuate huko. Hakusema hivyo. Aliwataka wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa, basi. Toba yao ilianzia palepale kazini.

Ya msimu wa korosho unayajua kuliko mimi. Mkulima aliyeishiwa kabla ya mavuno huuza kwa kangomba, yaani kwa magendo, kwa bei ya kutupa. Aliyevumilia huja chamani na gunia lake kwenye baiskeli, pengine hajui kusoma, na kila kilo atakayopunjwa ni pesa yake. Msomee uzito kwa sauti, umwandikie stakabadhi yenye uzito huohuo. Mwenye magunia mengi akikupenyezea "ya soda" ili korosho zake zenye unyevu zipite, kataa. Utanuniwa, na huenda na wenzako wa ofisini wakakununia zaidi. Nabii Amosi aliwakemea wenye mizani ya udanganyifu pamoja na wanaowaonea maskini, kwa hiyo usiniambie kazi yako haimhusu Mungu.

Hata watawa hawaikimbii kazi ya mikono. Wabenediktini wako Peramiho, mkoani kwenu, tangu 1898, na huko sala imekwenda sambamba na shamba, karakana na hospitali. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 31, inamtaka mtunza ghala aviheshimu vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vya altare. Na kazi ya mtunza ghala, mwanangu, si ya kipadri!

Kuhusu sala, jirani zako usiwaonee wivu. Jifunze kwao kuheshimu saa. Sisi tuna sala ya Malaika wa Bwana: asubuhi, adhuhuri na jioni. Foleni ikiwa ndefu, sali kimoyomoyo. Jumapili padri asipofika, nenda kwenye ibada ya katekista, na wadogo zako uwachukue.

Hamu ya utawa nayo usiizike. Kama bado ipo, kamwone paroko mapema, maana mashirika mengi yana ukomo wa umri. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wako Chipole, hukohuko Ruvuma. Omba kwenda kuwatembelea uyaone maisha yao. Ila usiende kwa kukimbia magunia, na kabla hujaenda keti na ndugu wa baba mkubaliane nani atabaki na wadogo zako.