Susi na Chuma: Uongozi ni Amana

Mji wa Bagamoyo uko pwani, kaskazini ya Dar es Salaam, kukabili kisiwa cha Unguja. Zamani za misafara, mji huo ulikuwa mwisho wa njia kuu itokayo bara. Hapo wapagazi walitua mizigo yao ya pembe baada ya mwendo wa miezi mingi, na mioyo yao ikapumzika. Lakini katika mwezi wa Februari 1874 uliingia mjini msafara ambao mzigo wake mkubwa haukuwa pembe wala bidhaa. Ulikuwa maiti.

Maiti ile ilikuwa ya Daktari David Livingstone, msafiri wa kutoka Uskoti, aliyefariki mwanzo wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walikuwa yapata 60. Hapakuwa tena na bwana wa kuwaamuru. Kama wangalitaka, wangaligawana vitu vyake na kutawanyika, kila mtu akashika njia yake. Tena walijua kuwa kuchukua maiti katika nchi za watu ni hatari, kwa maana wenyeji wengi waliiogopa, na wasafiri wangeweza kutozwa faini au kupigwa.

Basi wakakutana, wakafanya shauri. Wakawachagua Susi na Chuma wawe wakubwa wao, wakaahidi kuwatii. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, naye akali mdogo. Hawakuchaguliwa kwa mali wala kwa ukoo, bali kwa kuwa walizijua safari na taabu zake kuliko wenzao. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Kwanza waliogopa kumwambia Chitambo habari ya kifo. Yeye akaipata kwa watu wengine, akawauliza kwa nini wamemficha. Lakini hakuwatoza kitu. Yeye mwenyewe alikuwa amesafiri zamani hata pwani, akajua shida ya mgeni. Akaja pamoja na watu wake, wakaomboleza.

Moyo wa marehemu ukazikwa chini ya mti mkubwa. Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya Nasik huko Bara Hindi, akasoma sala na kuchonga jina la marehemu katika mti ule. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Jacob akaandika orodha ya vitu vyote vya marehemu, ili pasipotee hata kimoja.

Hawakwenda mbali kabla ya maradhi kuwashika, na Susi mwenyewe akaugua. Msafara ukasimama mpaka wagonjwa wakapata nguvu. Wala si kila jambo walilolitenda lilikuwa jema. Katika kijiji cha Chawende walikatazwa kuingia, wakaingia kwa nguvu. Ugomvi ukatokea, damu ikamwagika, na vijiji vikachomwa moto. Watu wale wale waliopokewa kwa huruma na Chitambo walisahau huruma walipokuwa wageni wa mtu mwingine.

Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza. Akawashauri wamzike bwana wao pale pale, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakamsikiliza kwa adabu, lakini walikuwa wamekwisha kata shauri, wakakataa. Mbele kidogo wakasikia kwamba watu wa njiani hawatakubali maiti ipite kwao. Basi wakafunga mabua ya mtama kwa nguo, mfano wa maiti, na watu wachache wakayachukua kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuyazika. Kisha wakayatupa porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mzigo wa nguo, ukapita salama.

Hivyo walikwenda zaidi ya maili 1,000 kwa miguu, na baadhi yao walikufa njiani. Huko Bagamoyo mwili ukawekwa katika kanisa la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambalo mnara wake ungali umesimama. Kisha ukachukuliwa kwa merikebu mpaka Unguja, na kutoka huko mpaka London, ukazikwa tarehe 18 Aprili 1874. Katika wote waliotembea njia ile, Jacob peke yake alikuwapo kaburini. Wengine walilipwa mishahara yao, wakaachwa waende zao. Baadaye mwaka ule ule Susi na Chuma waliitwa Uingereza, wakasaidia kutengeneza kitabu cha safari za mwisho za bwana wao.

Kwa habari hii yaonekana uongozi ni kitu gani. Susi na Chuma hawakuwa na askari wala sheria ya kuwalazimisha wenzao. Walikuwa na ahadi tu, na ahadi ile ilidumu kwa sababu wakubwa walifanya shauri na wadogo, waliwangoja wagonjwa, na walibeba taabu ile ile waliyoibeba wengine. Amana haipimwi siku ya kupewa, hupimwa siku ya kuirudisha. Na mtu aliyetendewa wema safarini ana deni: amtendee vivyo hivyo mwingine atakayemkuta mbele.

Maswali

1. Kwa nini Susi na Chuma walichaguliwa kuwa wakubwa?
2. Chitambo aliwatendeaje wageni wake, na kwa sababu gani?
3. Ni kosa gani lililotendeka katika kijiji cha Chawende?
4. Eleza maana ya maneno haya: amana hupimwa siku ya kuirudisha.