Wasiwasi wa Kijana Aliyemaliza Masomo

Kijana amemaliza chuo, amerudi Mwadingusha na diploma yake. Miezi inapita, kazi hakuna. Jamaa waliomlipia masomo wamwuliza, "Lini basi?" Usiku hapati usingizi, mchana ajificha asionane na watu. Je, ni mvivu? Sivyo. Ana wasiwasi.

Tazameni mto wetu Lufira. Mwaka 1930 mtambo wa umeme ulianza kazi hapa. Ukuta huzuia maji ya ziwa Tshangalele, nayo hushuka mabombani kwa kipimo, yakazungusha mashine. Yakija yote pamoja hubomoa; yakipimwa hutoa nguvu. Ndivyo yalivyo mawazo ya kesho. Kwa sababu hiyo Bwana wetu alitufundisha kuomba mkate wa siku moja, si wa mwaka mzima.

Ulizo: Mwenye wasiwasi afanye nini?
Jibu: Achague kazi moja ya leo: kuandika barua ya kuomba kazi, kulima, kuvua samaki, kuwafundisha wadogo zake kusoma. Ale, alale kwa saa yake, amweleze mtu anayemwamini.

Ulizo: Jamaa wafanye nini?
Jibu: Wapunguze maswali, wamsikilize, wampe sehemu katika kazi za nyumbani.

Ulizo: Na wasiwasi ukizidi?
Jibu: Akishindwa kula na kulala kwa majuma mawili, apelekwe hospitalini. Akisema kufa ni afadhali, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe siku ile ile.

Jioni hii angalieni ni nani amenyamaza nyumbani kwenu. Mwiteni, mle pamoja.