Kufundisha Somo la Dirisha la Kompyuta Lililoganda

Tumfikirie mtoto wa Kiwalani ambaye kompyuta ya kwao ndiyo yenye hesabu za duka la mama yake. Dirisha likiganda, huenda akakimbilia kuchomoa waya wa umeme. Kazi isiyohifadhiwa hupotea, na pengine faili lenyewe huharibika.

Twashauri mwalimu asianze kwa kutaja vitufe. Na aulize kwanza: je, kishale cha kipanya chatembea? Madirisha mengine yaitika? Yakiitika, ugonjwa u katika programu moja, wala si mashine nzima. Windows hulihesabu dirisha kuwa haliitiki baada ya sekunde 5 hivi za kimya. Lakini huenda programu ingali yasoma faili kubwa. Basi wangoje dakika chache, jambo gumu kwa watoto, na kwa walimu pia. Ndipo wabonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, waichague programu iliyogoma na kuifunga. Kitufe cha kuzimia ni cha mwisho, pale ambapo hata kishale hakitikisiki.

Shule isiyo na kompyuta na iigize: mtoto mmoja ahesabu maharage kimoyomoyo, mwenziwe amwite. Asipojibu, darasa liamue kama amezirai au angali akihesabu.